Msoma Mita

Siku ya sitini na moja bado nasoma mita.
Hakuna aliyenituma. Ofisi ya maji imebaki ukuta mmoja
na kalenda ya mwaka jana inayopepea msumarini.
Ila daftari ninalo, na kalamu inayoandika nikiipuliza,
na miguu imeshazoea: Barabara ya Saba, ya Nane, ya Tisa,
kisha navuka reli isiyotetemeka tangu Machi
na kuingia Kizota nimeinama.

Nafunua kifuniko, napangusa vumbi kwa dole gumba.
Sufuri sita nne tisa mbili.
Jana: sufuri sita nne tisa mbili.
Naandika.

Visima vya Mzakwe wamevishika wao.
Usiku twaziona taa zao kule kaskazini.
Labda wanaoga. Labda wanafua soksi.
Huku kwetu wanawake wamerudi korongoni,
wanafukua mchanga kwa bakuli, mkono hadi begani,
kama walivyofukua bibi zao,
ila bibi zao hawakuwa wakitazama juu
kila kinapovuma kile kidude kisicho na rubani,
ambacho watoto wamekibandika jina: Shemeji,
kwa kuwa huja bila hodi na haondoki mtu akiwa na raha.

Chibago anachaji simu kwa sola, kikombe cha uwele kwa kila simu.
Mtandao haupo. Watu wanachaji hivyo hivyo,
wakatazame picha.
Mke wake Chibago alikuwa akiuza chumvi;
siku hizi anaikopesha kwa kidole,
unachovya, unaramba, anaandika jina lako ukutani.
Jina langu lipo mara nne.

Mlenda mkavu upo. Unga unapungua.
Zabibu za Hombolo zimeiva, zimekauka kwenye mizabibu yake,
na aliyekwenda kuzichuma, kijana wa Malogo,
tulisikia mlio mmoja tu.

Fulana yangu ya kazi mgongoni imeandikwa MAJI NI UHAI.
Naivaa ndani nje.

Leo Nkuhungu, nyumba ya mwisho kabla ya kizuizi,
kwa Bibi Sechelela, napangusa kioo, nasoma,
napangusa tena.
Namba nyekundu ya mwisho imesogea.
Jana saba. Leo tisa.

Nikamwita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeokota pesa:
Bibi, maji umeyapata wapi?
Mwenyewe akacheka, fizi zote nje.
Maji gani, mwanangu? Bomba nimeliacha wazi tu.
Usiku linapumua.
Fuuu, linanyamaza. Fuuu.
Ndilo linalonilaza. Tangu Ndahani azikwe
nyumba hii haijawa na mwingine wa kukoroma.

Nikakaa kwenye ndoo yake tupu.
Miaka kumi na minne kazini, najua: hewa nayo huzungusha mita.
Wateja walikuwa wakilalamika, mnatutoza upepo!
nasi tukiwajibu, mita haidanganyi, mama, lipa.

Andika basi, akasema.
Niandike nini, Bibi?
Lita mbili. Si umeona mwenyewe?
Mimi sijawahi kuwa mdaiwa sugu.

Nikachana karatasi. Jina: Sechelela Mchiwa.
Kilichotumika: lita mbili.
Aliyesoma: mimi, na saini yangu yote,
si ile ya haraka haraka ya zamani.
Kwenye tarehe ya mwisho ya kulipa kalamu ikagoma.
Nikaipuliza, ikagoma,
naye akaichukua ile karatasi vile vile,
akaifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili,
akaniambia nipitie ukutani, jua limezama,
Shemeji ameshaanza.